Kiwanja chako, hati yako na mkono wa serikali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yanayorudi kila siku, mengi yakitoka Dar, Pwani na Morogoro, ndo maana majibu yamekaa kiTanzania zaidi. Zanzibar na Kenya zina sheria zao, zimewekwa huko mwishoni kwa kifupi. Kama kesi yako iko mahakamani tayari usitegemee ukurasa huu, muone wakili.

Hivi ardhi ni yangu au ya serikali? Maana kila mtu anasema lake.

Ardhi yote ya Tanzania Bara ni ardhi ya umma, Rais ndo mdhamini wake kwa niaba ya wananchi, hiyo iko kwenye Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 na mwenzake Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, zote zilianza kutumika Mei 2001. Wewe unachomiliki ni haki ya kuitumia na kukaa juu yake. Hati ya mjini inakuwa ya miaka 33, 66 au 99, na ya kijijini, ile ya kimila, haina mwisho wa miaka kwa mwananzengo wa kawaida.

Watu wakisikia hivyo wanakata tamaa, "kumbe mimi mpangaji tu". Hapana. Haki hiyo unaiuza, unairithisha, unaiwekea mkopo benki, na mtu akiingia bila ruhusa unamtoa kwa amri ya mahakama. Kwa jirani, kwa ndugu, kwa tapeli, wewe ni mwenye mali kamili. Udhamini wa Rais utauhisi pale serikali yenyewe inapolitaka eneo, au pale unapovunja masharti ya hati kama kulipa kodi ya pango la ardhi na kuendeleza kiwanja.

Haikuwa hivi zamani zote. Wakoloni waliacha ardhi za umilikaji wa moja kwa moja usio na mwisho, serikali ya uhuru ikazigeuza kuwa za kupangishwa miaka 99 kwa sheria ya 1963, halafu 1969 zikawa haki ya kumiliki kama tunavyoijua leo.

Katiba inasemaje?

Ibara ya 24. Kila mtu ana haki ya kumiliki mali na mali hiyo kulindwa kwa mujibu wa sheria, na ni marufuku mtu kunyang'anywa mali yake bila idhini ya sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili. Soma tena hapo, haijasema hunyang'anywi. Imesema hunyang'anywi bila sheria na bila fidia. Halafu nenda Ibara ya 30, hapo utakuta bunge limeruhusiwa kutunga sheria zinazobana haki hizi kwa ajili ya mipango ya miji na vijiji, madini, na manufaa ya umma. Kwa hiyo ukienda mahakamani na hoja ya "katiba inanilinda" peke yake hutafika mbali, swali la jaji litakuwa je, sheria ilifuatwa, je, fidia ililipwa.

Na haki za msingi ziliingia kwenye Katiba mwaka 1984 tu, mahakama zikaanza kuzisimamia 1988. Kabla ya hapo serikali ilifanya mambo ambayo leo yangekuwa kesi kubwa. Mwaka 1971 ilipitishwa sheria ya kutwaa majengo, nyumba za kupangisha zenye thamani kuanzia shilingi 100,000 zikachukuliwa na kukabidhiwa Msajili wa Majumba, na yale majengo ya zamani zaidi ya miaka 10 wenyewe hawakulipwa kitu. Ukipita mitaa ya katikati ya Dar ukaona ghorofa za NHC, Shirika la Nyumba la Taifa, zenye mwaka na jina la Kihindi juu ya mlango, nyingi historia yake ni hiyo.

Serikali inataka eneo langu kwa mradi. Naweza kukataa?

Kukataa kabisa ni ngumu sana. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 inampa Rais nguvu ya kuchukua ardhi yoyote kwa manufaa ya umma, na manufaa ya umma humo yameandikwa mapana, barabara, bandari, viwanja vya ndege, makazi mapya, hata eneo la viwanda. Unachoweza kupigania ni haya: kama kweli ni manufaa ya umma, kama taarifa ilitolewa (sheria inataka wiki 6 labda iwe dharura), na kiasi cha fidia. Hicho cha mwisho ndo watu wengi wanapata kitu.

Kosa ninaloona kila mradi unapokuja ni watu kugomea uthamini. Wanakaa kikao, wanakubaliana mthamini asiingie shambani, mthamini anaandika "mmiliki hakupatikana" au anakadiria kwa mbali, na kesho kutwa huna hata karatasi ya kupinga. Mruhusu aingie, hesabu naye mti mmoja mmoja, ukishaona kila kitu kimeandikwa ndo upinge bei.

Siku ya uthamini inakuwaje? Nijiandae nini?

Anakuja mthamini, mara nyingi na mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Utapigwa picha umesimama mbele ya nyumba yako umeshika kibao chenye namba, namba hiyo iandike mahali maana kila karatasi itakayofuata inaitumia. Atapima nyumba, ataangalia kuta ni tofali za saruji au za kuchoma, sakafu, bati, milango, choo cha nje, kisima, uzio. Mazao anahesabu kwa aina na kwa umri, mnazi unaozaa na mnazi mchanga bei yake si moja, na migomba inahesabiwa kwa mashina. Makaburi nayo yanaandikwa, usione aibu kuyaonyesha.

Mwisho unasaini fomu. Usisaini fomu tupu, hata uambiwe "tutajaza ofisini, tuna haraka mama". Na kabla haijaondoka ipige picha kwa simu yako kurasa zote. Hiyo picha imeshaokoa watu wengi zaidi kuliko mawakili.

Fidia inahesabiwa kwa nini na nini?

Sheria ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki, na ya haraka. Kanuni za 2001 zikaeleza: bei ya soko ya ardhi na vilivyomo juu yake, posho ya usumbufu, posho ya usafiri wa kuhamisha mizigo (tani 12 ndani ya kilomita 20), posho ya makazi ambayo ni kodi ya nyumba ya miezi 36, na faida iliyopotea kama ulikuwa na biashara pale. Posho ya makazi huipati kama eneo lilikuwa shamba tupu hakai mtu.

Angalia neno "ardhi" hapo mwanzo. Zamani sheria ya 1967 ilikuwa inalipa vilivyojengwa au kupandwa tu, ardhi tupu ilikuwa haina fidia. Bado kuna watu huko wilayani wanaongea kama tuko 1967, "shamba lako halina kitu tunalipa mikorosho tu". Sivyo tena.

Ambacho fidia haifanyi, na hapa niseme wazi, ni kukurudisha ulipokuwa. Bei ya soko ya kiwanja cha mbali na barabara ni ndogo, na siku mradi ukitangazwa viwanja vya jirani vinapanda bei wiki hiyo hiyo, ukija kulipwa hela ile inanunua nusu ya ulichokuwa nacho. Hiyo hakuna kifungu kinachoiponya vizuri.

Walithamini, mpaka leo hatujalipwa na tumekatazwa kujenga. Tufanye nini?

Kuna mambo mawili ya kushika. Fidia isipolipwa ndani ya miezi 6 inaanza kuzaa riba. Na kwa Sheria ya Uthamini ya 2016 uthamini wa fidia una uhai wa miaka 2, ukipita hapo unatakiwa kurudiwa kwa bei za sasa. Kwa hiyo anayekuja leo kukulipa kwa daftari la miaka mitano iliyopita, mwambie kwa heshima tu kwamba uthamini huo umeshakufa. Andikeni barua kwa taasisi yenye mradi, nakala kwa Mthamini Mkuu wa Serikali na kwa mkuu wa wilaya, pelekeni kwa mkono, mgongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Barua isiyo na muhuri wa kupokelewa ni hadithi.

Nyumba yangu imepigwa X. Ya kijani na nyekundu zinatofautianaje?

Hii ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu, yaani eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara, kutoka mita 22.5 kila upande wa katikati ya barabara mpaka mita 30. Aliyekuwa kati ya 22.5 na 30 alikuta sheria imemfuata nyumbani, huyo anapigwa X ya kijani, maana yake atalipwa kabla ya kuondolewa. Aliye ndani ya 22.5 amehesabiwa kwamba yeye ndo aliifuata barabara, X nyekundu, abomoe kwa gharama zake.

Halafu kuna Morogoro Road, hiyo ni habari nyingine. Kimara kwenda Kiluvya serikali ilishikilia kwamba hifadhi ni mita 121.5 kila upande kwa sheria ya tangu mkoloni, miaka ya 30, na 2017 bomoabomoa ikapita. Kulikuwa na watu wenye hati, wenye umeme, wenye maji, wanaolipa kodi ya majengo kila mwaka. Ndo ujifunze kwamba kulipa kodi au kuunganishiwa umeme si kuhalalishiwa eneo, kila taasisi inaangalia daftari lake tu haiulizi mwenzake.

Kabla hujanunua karibu na barabara kuu, ulizia TANROADS mkoa, wale wakala wa barabara wa serikali, mipaka yao. Na ukipenda upepo wa bahari au mto, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

Mimi sina hati, nina karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu. Nina haki yoyote?

Unayo. Kuna kesi moja kila mwenye shamba la kurithi angetakiwa aijue. Lohay Akonaay na mwanawe, watu wa Kambi ya Simba huko Mbulu, walifyeka pori lao miaka ya 1940 wakalima. Ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 70, ile ya kuhamishia watu kwenye vijiji vipya, shamba wakalipoteza. Baadaye wakadai mahakamani wakapewa ushindi, halafu 1992 bunge likatunga sheria ya kufuta haki zote za kimila kwenye vijiji vilivyoanzishwa, kuzuia fidia, na kufunga hata mlango wa mahakama. Wakaipinga hiyo sheria yenyewe. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Nyalali, ikasema haki ya kimila ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 hata kama huna karatasi, na jasho ulilomwaga kuigeuza ardhi kuwa shamba ni thamani inayodai fidia hata kama hujajenga kitu. Kesi hiyo ndo iko nyuma ya maneno mazuri tunayoyasoma kwenye sheria za 1999.

Lakini kuwa na haki na kuweza kuionyesha ni vitu viwili. Mjini hakikisha unaingia kwenye urasimishaji, ule upimaji wa maeneo yaliyojengwa bila kupimwa, ukipita mtaani kwako, upimiwe upate hati, au angalau leseni ya makazi ambayo ni ya miaka michache inayoweza kuhuishwa. Kijijini omba hati ya hakimiliki ya kimila.

Nanunua kiwanja, nisije nikauziwa mbuzi kwenye gunia. Nifanye nini?

Kilichopimwa: chukua namba ya kiwanja na kitalu, nenda ukafanye upekuzi ofisi ya Msajili wa Hati, utaona jina la mwenyewe, kama kuna mkopo wa benki, kama kuna zuio. Usipokee nakala ya upekuzi aliyokuletea dalali, nenda mwenyewe. Halafu nenda eneo lenyewe na mpima aonyeshe bikoni, zile alama za mipaka, maana namba inaweza kuwa halali na ukaonyeshwa kiwanja cha mtu mwingine, hili linatokea sana Kigamboni na njia ya Bagamoyo.

Ardhi ya kijiji: halmashauri ya kijiji lazima iridhie, tena kwa kikao chenye muhtasari. Saini ya mwenyekiti peke yake haitoshi, Mahakama ya Rufani imeshasema mauziano bila idhini ya halmashauri ya kijiji ni batili.

Mkataba uwe wa maandishi, sheria inataka hivyo. Na ile asilimia 10 ya mwenyekiti wa mtaa haimo kwenye Sheria ya Ardhi. Wengi wanailipa ili wasimkere mtu watakayemhitaji kesho, naelewa, ila usije ukadhani ndo imekupa umiliki.

Kiwanja kimoja kimegawiwa watu wawili, nani anashinda?

Kwa kawaida mwenye hati iliyosajiliwa huanza mbele, mahakama inamchukua ndiye mwenye mali mpaka ithibitike kwamba aliipata kwa njia isiyo halali. Kama wote mna ofa tu, yaani barua ya kugawiwa kiwanja, basi wa kwanza kupewa ana nguvu, mradi alilipa na kutimiza masharti. Aliyeshindwa anaweza kuidai mamlaka iliyomgawia.

Mtu kakaa kwenye shamba letu miaka 12, anasema limeshakuwa lake.

Miaka 12 ni ukomo wa kudai ardhi mahakamani, ni kweli, ukilala mlango unafungwa. Ila haimaanishi kila aliyekaa miaka 12 anakuwa mwenye mali. Kama mlimkaribisha, mlimpa alime, au mlimpangisha, huyo ni mwalikwa, na mwalikwa hata akae miaka 40 haligeuki kuwa lake. Tatizo ni ushahidi tu, wazee waliomkaribisha wameshafariki na yeye anajua hilo. Mkikaribisha mtu leo andikeni, hata mstari mmoja na mashahidi wawili.

Mume wangu anataka kuuza nyumba tunayoishi, hati ina jina lake peke yake.

Hawezi bila ridhaa yako. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenza, na benki nazo zinatakiwa kuuliza. Dada yangu usingoje dalali aanze kuleta wateja, nenda ofisi ya Msajili uweke zuio.

Na mkiachana, usikubali kuambiwa "wewe ulikuwa mama wa nyumbani hukuchangia". Kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya 1983 ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali ya ndoa. Kiasi utakachopata ni jambo jingine, kinategemea ushahidi, wala usitarajie nusu kwa nusu moja kwa moja.

Ukoo unasema mtoto wa kike hauzi ardhi ya ukoo.

Bukoba kuna mama mmoja wa Kihaya, Holaria Pastory, alirithi shamba kwa wosia wa baba yake akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo, mpwa wake akamshitaki. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu akasema mwanamke ana haki ya kuuza kwa masharti yale yale ya mwanaume, mila inayombagua imepitwa na Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji nayo inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu. Sasa upande wa mirathi bado kuna kanuni za kimila za 1963 hazijafutwa, zinambana mjane na binti, kwa hiyo kazi bado ipo. Baba mwenye busara anaandika wosia mapema.

Nimekuta dhahabu shambani kwangu.

Hongera na pole. Madini yote ni mali ya Jamhuri, Rais akiwa mdhamini, bila kujali yako chini ya shamba la nani. Mtu mwingine anaweza kupata leseni juu ya eneo lako, ila kwa uso wa ardhi yako bado anakuhitaji wewe, ridhaa na fidia. Ukitaka kuchimba mwenyewe omba leseni ya mchimbaji mdogo haraka kabla habari haijafika mjini.

Mchumba wangu ni raia wa nje, tununue kwa jina lake?

Hapana. Kwa kawaida asiye raia hapewi ardhi Tanzania Bara isipokuwa kwa uwekezaji uliopitia mamlaka ya uwekezaji ya serikali. Wanaozunguka kwa kuandika jina la rafiki Mtanzania wakigombana hawana pa kushika.

Zanzibar je?

Ardhi si jambo la Muungano, sheria hizi za 1999 haziwahusu. Huko baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa na familia nyingi zikagaiwa eka tatu tatu, na sheria ya msingi leo ni Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992. Anza na ofisi za ardhi za huko huko.

Na Kenya, wao hati yao si ina nguvu kuliko yetu?

Wana umilikaji usio na mwisho wa miaka kwa raia, mgeni anaishia miaka 99. Ila katiba yao ya 2010, Ibara ya 40, inasema ulinzi hauifikii mali iliyopatikana kinyume cha sheria, na hapo mahakama zimeuma kwelikweli. Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa, kiwanja cha ufukweni Nyali. Kilikuwa eneo la wazi la umma, akagawiwa Rais wa wakati huo Daniel arap Moi mwaka 1989, kikauzwa na kuuzwa tena, mnunuzi wa mwisho, hao Dina Management, ana hati safi kabisa. Akapoteza, na fidia hakupata, kwa sababu mzizi wa hati ulikuwa mbovu. Kwa hiyo ukinunua Mombasa usiangalie hati ya leo tu, uliza ilianzaje.

Na kuna Waogiek wa msitu wa Mau. Hawakuwa na hati, lakini Mahakama ya Afrika iliyopo hapa Arusha ilisema 2017 kwamba kuwatimua ni kuvunja haki yao ya mali, na 2022 ikaamuru Kenya iwalipe zaidi ya shilingi milioni 157 za Kenya. Kushinda ni jambo moja, utekelezaji ndo unaochosha.

Nimeamua kudai. Naanzia wapi?

Kama ni jirani au ndugu, anzia baraza la kata, siku hizi linasuluhisha tu halitoi hukumu, tangu marekebisho ya 2021. Likishindwa ndani ya siku 30 unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu, kisha Rufani.

Kama unayemdai ni serikali, iwe wizara, wakala au halmashauri, njia ni nyingine kabisa. Notisi ya siku 90 kwanza, halafu kesi Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe, hiyo ni tangu 2020. Watu wanafungua baraza la wilaya dhidi ya halmashauri, wanahangaika mwaka mzima, kesi inatupwa kwa kukosa mamlaka. Kwa hiyo kabla ya kulipia karani hata shilingi, andika kwenye karatasi jina kamili la unayemdai na ujue ni mtu au ni serikali.

Huna hela ya wakili? Ulizia msaada wa kisheria kwa msajili msaidizi aliyepo ofisi ya halmashauri yako, kuna sheria ya 2017 inayotambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao ni bure, ukidaiwa pesa ondoka.